Kitanda cha Ainea

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Matendo 9:32–35, Marko 2:1–12, Luka 1:18–22, 57–64, 2 Samweli 16:1–4, 2 Samweli 19:24–30, 1 Wafalme 19:1–18.

Fungu la kukariri: Matendo 9:34. Lisome kwa sauti kila asubuhi ya juma hili, na siku ya Sabato darasa zima liliseme pamoja bila kuangalia kitabu.

Tumfikirie mshiriki mmoja wa kanisa lililo kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Akheri, juu ya Tengeru. Ni mkulima wa migomba na kahawa (kahawa aliyoilima miaka thelathini bila kuinywa), na kwa miaka kumi na miwili amekuwa katibu wa Shule ya Sabato. Alfajiri moja aliamka ili aende kuwakatia ng'ombe majani. Alipotaka kuvaa viatu, mguu wa kulia ulikataa. Alipomwita mkewe, mdomo ulitoa sauti isiyokuwa neno. Alikuwa amepatwa na kiharusi.

Hakufa. Alilazwa majuma mawili, akarudi nyumbani, na kanisa likafanya ibada ya shukrani. Katika matangazo ya kanisa habari za wagonjwa wengi wa kiharusi huishia hapo. Kwake yeye ndipo zilipoanza. Sasa ni mwezi wa sita. Kila Sabato asubuhi mkewe huja kumfunga vifungo vya shati, naye huusukuma mkono wa mkewe pembeni ili ajaribu mwenyewe. Kifungo cha kwanza huchukua dakika nne. Kengele inasikika kule chini. Mkewe husema, "Baba, acha, tutachelewa," na kukifunga. Mara mbili sasa mzee amelivua shati lile, akarudi kitandani na kugeukia ukutani, na mkewe akaenda kanisani peke yake.

Somo la juma hili linahusu kifungo hicho. Nani anakosea, mke aliyechoka au mume asiyetaka kusaidiwa? Au wote wawili wana haki, na kuna jambo ambalo kanisa halijawafundisha?

Jifunze somo hili ukimkumbuka mtu mmoja unayemfahamu aliyepatwa na kiharusi. Kama wewe mwenyewe umepatwa nacho, unalo la kuwafundisha wenzako. Darasa likusubiri umalize kusema.

JUMAPILI
Wanne Waliobeba

Soma Marko 2:1–12. Watu wanne walifanya nini ambacho mgonjwa asingeweza kukifanya? Yesu aliiona imani ya nani?

Kabla ya kusema lolote juu ya kujitegemea, ni lazima tukubali kwamba upo wakati wa kubebwa. Mtu yule wa Kapernaumu asingefika kwa Yesu kwa miguu yake. Wale wanne hawakumhubiria habari ya kujitahidi. Walishika pembe za godoro, na walipoona mlango umejaa watu wakapanda darini.

Kiharusi kinapoanza, wakati wa kubebwa ni sasa hivi, si kesho. Damu imezuiwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu donge limeziba mshipa, ama kwa sababu mshipa umepasuka. Kila dakika inayopita sehemu hiyo inazidi kufa. Mwambie mtu atabasamu: je, upande mmoja wa mdomo umeshuka? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unaanguka? Aseme sentensi fupi: je, maneno yanatoka yamevurugika? Ukiona hata moja kati ya hayo, tafuta gari. Usimpe maji, wala chakula, wala kidonge, maana huenda kumeza kumeharibika na kitu hicho kikaingia kwenye mapafu. Usimwache alale "aone kama itapita." Angalia pia saa, kwa kuwa daktari atauliza ilianza lini. Wakazi wa Arusha na Meru wanazijua njia za kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, Selian kule Ngaramtoni, ALMC mjini, au KCMC kule Moshi. Wasichokuwa nacho wengi ni mpango wa nani ataamshwa saa nane za usiku awashe gari.

Wapo wanaodhani kiharusi ni ugonjwa wa watu wa mbali au wa matajiri. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti wakiongozwa na Dkt. Richard Walker waliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi katika Wilaya ya Hai, ambayo barabara ya Arusha kwenda Moshi huipita, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipata kwa mwaka watu 109 hivi katika kila 100,000 huko Hai, na 316 hivi Dar es Salaam. Hai ni majirani zetu. Wanakula ndizi zilezile na wanapanda mlima wa namna ileile. Shinikizo la damu, ambalo ndilo chanzo kikubwa kuliko vyote, halimuulizi mtu anaishi wapi. Linakaa mwilini kimya miaka mingi bila maumivu.

Utafiti mwingine uliwauliza watu wa sehemu hizo hizo mbili kiharusi husababishwa na nini. Mjini Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi. Huko Hai wengi walitaja mambo ya mwili, kama presha na mawazo. Wapo wanaofikiri kwamba wa mjini ndio wasiosadiki mambo hayo! Darasa lijiulize kwa unyofu: katika kanisa letu, mshiriki akianguka ghafla, ni swali gani hunong'onwa kwanza?

JUMATATU
Miaka Minane, Kisha Shuka

Soma Matendo 9:32–35. Ainea alikuwa amelala kwa muda gani? Baada ya kumwambia kwamba Kristo anamponya, Petro alimwagiza afanye nini?

Luka anatuambia mambo machache sana juu ya Ainea wa Lida. Hatujui umri wake, wala kama alikuwa na mke. Tunajua jina lake, tunajua alikuwa amepooza, na tunajua miaka: minane. Kwa miaka minane kitanda chake kilitandikwa na mtu mwingine. Mtu mwingine alimgeuza, akamfua, akamlisha. Kisha anakuja Petro, na agizo la kwanza baada ya uponyaji si kuimba, wala kutoa ushuhuda sokoni. Ni kazi ya nyumbani, tena ndogo, ambayo mtoto wa miaka saba hutumwa kabla ya kwenda shule.

Katika Kiyunani agizo hilo ni kitenzi cha kutandaza, pamoja na neno linalomaanisha kwamba afanye hivyo kwa ajili yake mwenyewe. Kitenzi hicho hicho ndicho Marko anachokitumia kwa kile chumba cha juu kilichokuwa kimetandikwa tayari kwa Pasaka (Marko 14:15). Kwa hiyo baadhi ya wafafanuzi hufikiri kwamba huenda Ainea aliambiwa aandae mahali pake pa kula. Vyovyote iwavyo, ni shughuli ya nyumbani. Na tazama kwamba Yesu alifanya vivyo hivyo Kapernaumu: mtu aliyeletwa juu ya godoro alitoka amelibeba, akaenda nyumbani kwake. Aliyebebwa alirudi akibeba. Bwana anapomponya mtu humrudishia pia kazi yake.

Hapa ndipo upendo wa familia nyingi unapoteleza. Mgonjwa anarudi kutoka hospitali, na kila mtu anataka kuonyesha anavyompenda. Binti anamlisha, mjukuu anamvalisha soksi, jirani anamwambia, "Shikamoo babu, wewe kaa tu." Baada ya miezi mitatu mkono ambao ungeweza kujifunza kushika kijiko haujashika chochote. Wataalamu wa viungo wanafundisha kwamba ubongo uliojeruhiwa hujifunza kwa kurudia. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini sehemu za jirani zinaweza kupokea sehemu ya kazi yake, kama zitapewa kazi hiyo kila siku. Mkulima wa Meru anaelewa bila kuelezwa sana. Mfereji ukibomoka kwenye ukingo, hakuna anayechimba mlima upya. Hutafutwa njia ya pembeni, na maji yakipitishwa hapo kila siku, njia hiyo nayo inakuwa mfereji. Yasipopitishwa huota nyasi. Majuma na miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa zaidi, ingawa hata baada ya mwaka bado kuna la kupata.

Basi kusaidia ni nini? Ni kumtengenezea mgonjwa nafasi ya kufanya. Shati livae kwanza mkono dhaifu, ndipo ule wenye nguvu. Wakati wa kuvua, dhaifu uwe wa mwisho. Fimbo ishikwe upande wenye nguvu, si upande uliopooza kama wengi wanavyodhani. Akipanda ngazi au mteremko, mguu mzima utangulie. Akishuka, mguu dhaifu utangulie. Usimwinue kwa kuuvuta mkono uliopooza, kwa maana bega lake halina misuli ya kulishikilia na litateguka. Choo cha shimo ni shida kubwa kuliko watu wanavyokubali kusema mbele ya mchungaji. Seremala anaweza kukata tundu katika kiti imara na kupigilia ubao wa kushikia ukutani kwa kazi ya alasiri moja. Kama kanisa lina mafundi, hilo ni kusanyiko la Dorkasi lenye misumari badala ya sindano. Na kule KCMC wanafundishwa wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo, ambao kazi yao ni mambo haya hasa. Familia iulize hospitali yoyote iliyo karibu kama mtaalamu wa namna hiyo yupo, na mgonjwa apangiwe siku za kwenda.

Lakini kuna swali ambalo mzee wa Akheri angeliuliza kama ulimi ungemtii. Ainea aliponywa papo hapo. Mimi nimeombewa mara ngapi? Haifai kulijibu swali hili haraka. Maandiko yanamwonyesha Ainea akiinuka kwa neno moja, na yanamwonyesha pia Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, akila mezani pa mfalme miaka yote huku miguu yake ikibaki vilema (2 Samweli 9:13). Mungu wa wote wawili ni mmoja. Biblia haielezi kwa nini mmoja aliinuka na mwingine hakuinuka, na mwalimu wa Shule ya Sabato asijifanye anajua.

Jambo moja hata hivyo linajulikana. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipita Arusha kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na wako walioacha vidonge vyao nyumbani kwa sababu ya kikombe hicho. Baadhi ya makanisa yalilaani jambo lile. Je, tuna ujasiri wa kusema hivyo hivyo juu ya mtu anayeacha vidonge vya presha kwa sababu ameombewa na mzee wa kanisa letu? Aliyepatwa na kiharusi mara moja yumo katika hatari ya kupatwa tena. Vidonge vya shinikizo la damu ni vya kila siku, hata siku anapojisikia mzima, hata siku ya kufunga na kuomba. Daktari ndiye wa kuvibadilisha.

JUMANNE
Kibao cha Zakaria

Soma Luka 1:18–22 na 57–64. Jamaa waliokusanyika walitaka kufanya nini bila kumwuliza Zakaria? Alitumia njia gani kuwajibu?

Zakaria hakupatwa na kiharusi; kunyamaza kwake kulikuwa na sababu nyingine. Lakini chumba kile wanakijua watu wengi waliopoteza usemi. Jamaa wamejaa, wanafurahi, na wamekwisha kuamua mtoto ataitwa nani. Elisabeti anapokataa, ndipo wanapomgeukia baba na kumwashiria kwa mikono. Huenda alikuwa hasikii pia, maana neno la Kiyunani lililotumika linaweza kumaanisha bubu au kiziwi. Au huenda walifanya kama tufanyavyo sisi: mtu asiyeweza kusema tunamchukulia kuwa hasikii wala haelewi.

Kiharusi kinachopiga upande wa kushoto wa ubongo hupooza upande wa kulia wa mwili, na mara nyingi huharibu usemi. Mgonjwa anajua anachotaka. Anataka chumvi, neno linalotoka ni "ng'ombe," na yeye mwenyewe anasikia kwamba amekosea. Wengine hupoteza maneno yote lakini wanaweza kuimba wimbo wa zamani pamoja na wengine, kwa sababu wimbo huhifadhiwa kwa njia nyingine katika ubongo. Ndiyo maana mtu asiyeweza kusema jina la mkewe anaweza kuimba tenzi nzima Ijumaa jioni, na wajukuu wakadhani alikuwa anaigiza. Haigizi.

Zakaria aliomba kibao. Hakuna aliyemwandikia, aliandika mwenyewe, na wote wakastaajabu. Kibao cha leo kinaweza kuwa daftari, kalamu nene, picha za kikombe na choo na blanketi, au swali linalojibika kwa ndiyo au hapana kwa kichwa. Kaa mbele yake. Uliza jambo moja tu. Kisha subiri. Hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kummalizia sentensi yake, na usimpigie kelele, kwa kuwa masikio yake hayana kasoro.

Sasa soma 2 Samweli 16:1–4, kisha 19:24–30. Hapa kuna onyo kali. Mefiboshethi alimtegemea Siba amtandikie punda. Siba alitangulia na punda hao, akamsemea bwana wake mbele ya Daudi, akasema uongo. Daudi aliamini na kugawa mali kwa neno la msaidizi bila kumsikia mwenyewe. Mtu anayemtegemea mwingine kwa miguu anaweza kunyang'anywa hata sauti. Katika familia zetu hilo hutokea kwa upole sana: ndugu wanakaa sebuleni kuamua juu ya shamba la mzee, au juu ya ng'ombe wake, naye yuko chumba cha pili akisikia kila neno. Hakuna Siba pale, wote wanampenda. Lakini hakuna aliyekwenda kumwuliza.

JUMATANO
Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Malaika alimfanyia Eliya nini kwanza? Ni lini Mungu alianza kuzungumza naye juu ya kazi?

Karibu mmoja kati ya watu watatu waliopona kiharusi hushikwa na huzuni nzito. Sehemu ya huzuni hiyo inatokana na hasara aliyopata, na sehemu inatokana na ubongo wenyewe kujeruhiwa. Wengine hulia katikati ya habari za kawaida, au hucheka msibani, bila kuweza kujizuia. Mtu akimwona mzee wa Akheri amegeukia ukutani anaweza kusema imani imepoa. Afadhali aangalie vizuri. Eliya, siku chache baada ya Karmeli, aliomba kufa, na Bwana hakumkemea kwa hilo. Alipewa mkate na maji. Aliachwa alale. Akaamshwa, akapewa tena. Safari ya siku arobaini na ile sauti ndogo ya utulivu zilikuja baadaye, na baada ya hapo akapewa majukumu: kuna wafalme wa kutiwa mafuta, na kuna kijana wa kufundishwa.

Utaratibu huo ni mwema: chakula, usingizi, mtu wa kukaa karibu, kisha kazi. Huzuni isiyopungua baada ya majuma kadhaa iambiwe daktari kama vile presha inavyoambiwa. Ina matibabu.

Na mke je? Malaika wa nyumba hii ni mwanamke mwenye miaka hamsini na minane ambaye mgongo unamuuma kwa kumwinua mtu mzito kuliko yeye. Huamka saa kumi usiku kumgeuza. Jumatano, siku ya soko la Tengeru (ile ya Jumamosi hawaendi), ndiyo siku pekee anapouza ndizi ili vidonge vinunuliwe. Anapofunga kifungo kwa haraka hamdharau mumewe. Amechoka. Kanisa limemletea sukari na sabuni mara tatu, na ameshukuru. Hakuna bado aliyemwambia, "Mama, Jumatano nitakaa naye mimi tangu saa mbili hadi saa nane."

ALHAMISI
Nyasi Kavu za Greenville

Waadventista tunaye mtu wetu wa kiharusi, na habari zake hazisimuliwi vya kutosha.

Tarehe 16 Agosti 1865, Mzee James White, mwenye umri wa miaka 44, alikuwa akitembea asubuhi na mkewe Ellen kando ya shamba la mahindi huko Battle Creek, Michigan. Ghafla mkono wake wa kulia ulining'inia bila nguvu. Alikuwa amefanya kazi mchana na usiku kwa miaka mingi, na mwaka huo huo alikuwa amechaguliwa kuwa Rais wa Konferensi Kuu. Alipelekwa Dansville, New York, kwenye kituo cha tiba ya maji cha Dkt. James Jackson. Huko walipata huduma nzuri, lakini madaktari waliamini kwamba akili iliyochoka inahitaji kukaa bila kazi yoyote, na hata maombi yapunguzwe. Baada ya miezi mitatu Ellen alimwondoa. Aliona kwamba mumewe anazama, na kwamba kutokufanya kazi ndiko kunakomzamisha.

Mwezi Desemba 1866 alimchukua katika baridi kali wakaenda Wright, Michigan, ingawa marafiki walimwona amepotoka. Asubuhi moja theluji ilikuwa imefunika njia, na James akasema hawezi kutoka kwa matembezi yake. Ellen aliazima viatu virefu vya mwenyeji wao, akatembea peke yake kwenye theluji akipasua njia, akarudi na kumwomba mumewe atembee katika nyayo hizo. Alitembea.

Mwaka uliofuata walikuwa na shamba Greenville. Nyasi za mifugo zilikuwa zimekatwa na kukauka, na James alitaka kuwaomba majirani waje wazikusanye. Ellen alitangulia kwa majirani hao na kuwasihi wakatae. Hawakupenda, lakini walikubali. James alipokataliwa alihuzunika sana. Ndipo Ellen akasema kwamba yeye na mtoto wao Willie watakusanya na kurusha nyasi juu ya gari, kama James atazipanga na kuongoza farasi. Majirani walipopita walimwona nabii wa Bwana juu ya rundo, akilishindilia kwa miguu.

Habari hii inaweza kutumiwa vibaya. Mtu asiichukue ili kumwambia mgonjwa, "Bi. White hakumwonea mumewe huruma, nawe simama." Tazama tena. Aliwakataza majirani, lakini alishika reki mwenyewe. Alimtanguliza njia katika theluji kwa miguu yake, akabakiza sehemu ambayo James tu angeweza kuifanya. Na alimwangalia kila siku, akipima anachoweza leo na kisichowezekana bado. Hakuna jirani angeweza kujua kipimo hicho kwa kupita tu barabarani.

James White alichaguliwa tena kuwa Rais wa Konferensi Kuu mwaka 1869. Mwaka 1874 alianzisha gazeti la Signs of the Times huko Oakland, California. Hakurudi kuwa mtu yule yule wa zamani. Alipatwa tena na mapigo ya ugonjwa, na nyakati nyingine alikuwa mgumu kuishi naye. Aliishi hadi tarehe 6 Agosti 1881, karibu miaka kumi na sita tangu asubuhi ile ya mahindi.

Je, ni kazi gani katika nyumba yako au kanisa lako ambayo imechukuliwa kutoka kwa mgonjwa kwa sababu tu inakwenda haraka zaidi ikifanywa na mwingine?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma 2 Samweli 9 yote. Angalia kwamba Daudi hakumtumia Mefiboshethi chakula kule Lo-debari. Alimleta mezani, na akaagiza mashamba ya Sauli yalimwe ili mwana wa Yonathani awe na mali yake mwenyewe.

Turudi Akheri. Ibada ya shukrani ilipokwisha, baraza la kanisa lilimchagua katibu mwingine wa Shule ya Sabato, "ili mzee apumzike." Ilifanywa kwa nia njema, kwa kura zote. Hakuna aliyempelekea habari. Alisikia kutoka kwa mjukuu. Daftari la mahudhurio, ambalo kwa miaka kumi na miwili alilitunza katika mfuko wa nailoni lisilowe na mvua, lilichukuliwa kutoka nyumbani kwake siku ambayo yeye alikuwa kliniki.

Mkewe hajui juu ya Ainea zaidi ya tujuavyo sisi. Lakini Ijumaa iliyopita, baada ya kufungua Sabato, alitoa shati jeupe sandukuni na kulitundika kwenye kiti karibu na kitanda, upande wa kushoto, mkono wa kulia wa shati ukiwa umekunjuliwa tayari. Akatega saa iite saa kumi na moja alfajiri badala ya kumi na mbili na nusu.

Maswali ya Kujadili

Petro alimwambia Ainea atandike kitanda. Hakumwachia kazi hiyo mtu aliyeitenda kwa miaka minane. Unafikiri mtu huyo alijisikiaje asubuhi iliyofuata? Wanaowauguza jamaa zao na waseme kwanza, kama wapo darasani na wakipenda.

Tofauti iko wapi kati ya kumwacha mgonjwa ajitahidi na kumtelekeza? Tumia mfano wa nyasi za Greenville, kisha mfano wa nyumba unayoifahamu.

Pitieni jengo lenu la kanisa kwa macho ya mtu mwenye fimbo. Kuna ngazi ngapi? Choo kikoje? Akichelewa, anaweza kuketi wapi bila kupita mbele ya watu wote? Nani atalishughulikia jambo hili, na kabla ya Sabato ipi?

Katibu wa zamani anaweza kuandika tarakimu kwa mkono wa kushoto, polepole, na hawezi kusoma taarifa kwa sauti. Akirudishiwa daftari, taarifa ya Shule ya Sabato itachelewa dakika kumi kila juma, na itabidi mtu mwingine aisome. Mzee wa kanisa ameleta jambo hili kwenye darasa lenu. Mtamwambia nini, na ni nani kati yenu atakayekwenda kwanza kumwuliza mwenyewe?